Kasha la Pedali Hukaguliwa Matunduni

Anayekagua pedali ya gitaa iliyoundwa nyumbani huanza na uso wake wa juu, kwenye mchoro, rangi na maandishi. Hapo ndipo fundi alipomalizia nguvu zake zote, na kwa sababu hiyo hiyo ndipo penye ushahidi mdogo kuliko kwingine. Picha ya kuvutia huweza kubandikwa juu ya kazi mbovu, ikang'aa vizuri mpaka pedali ianze kukanyagwa. Mjuzi huanzia kwenye kingo za matundu, pembe za kasha na chini ya nati, kwa kuwa umaliziaji ni mshiko kwanza na uzuri baadaye, na mshiko wa rangi huonekana pale rangi inapokomea.

Ugumu unaanzia kwenye chuma chenyewe. Makasha mengi yanayotumiwa na mafundi wa nyumbani ni ya alumini iliyomiminwa kwenye kalibu, ya vipimo vilivyozoeleka kama 1590B na 125B. Kalibu hupakwa dawa ili chuma kisigande, na mabaki ya dawa hiyo husalia kwenye kasha jipya hata likionekana safi. Alumini nayo hujivika utando wa oksidi mara inapokutana na hewa, na rangi ya kawaida haiupendi utando huo. Fundi makini huosha kasha kwa sabuni, hulipiga msasa namba 220 kisha 400, hulipangusa kwa spiriti, ndipo apulize praima yenye asidi inayouma chuma kidogo. Hatua zote hizo hufunikwa na rangi, lakini matundu hayana siri. Ng'oa nobu moja, legeza nati ya potensiomita, utazame pale washa ilipokalia. Rangi iliyoshika na kukauka sawasawa huwa na alama hafifu ya duara tu. Iliyowahishwa huwa imesukumwa pembeni kama matope, au imepasuka mistari inayotoka tunduni kwenda nje. Mistari hiyo ikiwapo, usipoteze muda kuusifu mchoro. Kwenye tundu la swichi ya mguu, lenye kipenyo cha milimita 12, kuna jambo jingine la kutazama: je, rangi imezunguka ukingo na kuingia ndani kidogo, au imekatika kwa meno meno? Ikiwa na meno, kasha lilitobolewa baada ya kupakwa, na kila jino ni mahali pa kuanzia kubanduka.

Njia inayopendwa zaidi ya kuweka mchoro ni stika ya maji: mchoro huchapwa kwenye utando mwembamba, hulowekwa, kisha huteleza kutoka kwenye karatasi yake na kulazwa kwenye kasha. Ni njia rahisi, na ndiyo inayoumbua wengi. Inamisha kasha chini ya taa mpaka mwanga upite kwa ulalo. Ukiona mpaka wa utando kuuzunguka mchoro, tabaka za vanishi hazikutosha, au hazikupigwa msasa wa maji kati ya moja na nyingine. Ukiona madoa ya kijivu kama ukungu chini ya sehemu angavu, hiyo ni hewa iliyonaswa, dalili kwamba stika ililazwa juu ya rangi isiyo laini. Dawa yake ilikuwa kupuliza vanishi yenye mng'ao kabla ya stika, na mng'ao ukihitaji kuuawa, uuawe mwishoni. Mikunjo iliyofanana na ngozi ya kiwiko huwa na sababu tofauti, kwani thina ya tabaka jipya imeingia kwenye tabaka ambalo halijakomaa. Makopo mengi ya enameli huandikwa waziwazi: rudia ndani ya saa 1, la sivyo subiri saa 48. Anayerudia baada ya saa 6 kwa sababu rangi haishiki tena kidoleni hujitafutia mikunjo. Printa za kawaida nazo hazichapi rangi nyeupe, kwa hiyo stika angavu juu ya kasha jeusi hutoa picha iliyofifia hata kama kila kitu kingine kimefanywa barabara. Hapo mkono haukukosea. Mpango ndio uliokosewa.

Maandishi yaliyochimbwa kwa feriki kloridi yana daraja la juu kwa hoja moja tu: yako chini ya uso, hivyo kiatu hakiyafikii. Lakini dawa hiyo hula chini na pia pembeni, ndiyo maana herufi nyembamba hutoka zimechakaa kingo. Fundi mwerevu huchagua herufi nene tangu mwanzo. Rangi ya unga iliyookwa, kwa ugumu, huishinda karibu kila rangi ya kopo, ila huwa nene, na ikirundikana matunduni swichi hukaa upande.

Usomekaji nao hupimwa kwa miguu. Mpiga gitaa husoma pedali akiwa amesimama, gizani, chini ya taa za rangi. Maandishi mekundu juu ya nyeupe hupotea kabisa taa nyekundu zinapowaka, na jina la nobu lililowekwa chini ya nobu hufichwa na kivuli au kebo.

Kuna watakaosema kwamba kazi ya mikono ina haki ya kuwa na dosari, na watataja kampuni ya Z.Vex ya Marekani, ambayo pedali zake zilizopakwa kwa mkono zilijenga jina lake. Mfano huo hautetei uzembe. Mstari wa brashi unaoyumba ni uamuzi wa mchoraji, lakini rangi inayobanduka kwenye pembe haikuamuliwa na mtu. Wengine hupenda mchubuko wa uzee, kama ule wa Fuzz Face za miaka ya 1960, na wana haki, mradi watofautishe kuchakaa na kubanduka. Rangi iliyochakaa huisha polepole, ikawa nyembamba pale mguu unapopita. Iliyobanduka huacha ukingo wenye kidato, na mara nyingi mahali ambapo hakuna mguu uliowahi kufika.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba rangi haibadilishi sauti. Kwa sehemu kubwa ni kweli, ila kasha la chuma ni ngao dhidi ya mvumo wa umeme, na ngao hiyo hufanya kazi tu ikiwa imeunganishwa na ardhi ya saketi, kwa kawaida kupitia shingo ya soketi inayogusa ukuta wa ndani. Rangi haipitishi umeme. Fungua skrubu nne za kifuniko. Chuma kinapaswa kuwa kitupu kuzunguka soketi hiyo na kwenye ukingo ambao kifuniko hulalia. Pakiwa pamepakwa, uliza kama kuna waya maalumu wa kuunganisha kasha na ardhi, na uangalie kama kifuniko nacho kimefikiwa.