Chuo Kikuu Kinamfundisha Nini Mpishi wa Bia?

Mwanafunzi anayejiunga na masomo ya bia Weihenstephan, mjini Freising huko Bavaria, Ujerumani, huanza na hisabati, fizikia na kemia. Mahali penyewe pana historia ndefu: palikuwa na monasteri ya Wabenedikti, na kiwanda kilichopo hujinadi kuwa kimepika bia tangu mwaka 1040. Watawa waliondolewa mwaka 1803, serikali ilipochukua mali za monasteri. Shule ya kilimo ikahamia hapo mwaka 1852, na tangu 1930 masomo hayo yako chini ya chuo kikuu cha ufundi cha Munich. Ufundi uliokuwa ukirithishwa kwa kutazama, kunusa na kuonja sasa husomewa shahada.

Darasa limeongeza nini? Tuchukue hatua moja tu, ya kuchanganya kimea na maji ya moto.

Kimea ni shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa. Ndani yake mna wanga, na mna pia vimeng'enya vya kuuvunja wanga huo kuwa sukari. Viwili ndivyo vinavyobeba mzigo mkubwa. Beta-amilasi hukata mnyororo wa wanga kuanzia nchani na kutoa maltosi, sukari ambayo hamira huila kwa urahisi. Hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 60 na 65 za Selsiasi. Joto likipanda zaidi, huharibika upesi. Alfa-amilasi hukata popote katikati ya mnyororo, nayo huhimili joto la nyuzi 70 na kidogo zaidi.

Hapo ndipo mpishi anapoamua bia yake itakuwaje. Akituliza joto kwenye nyuzi 63, hamira itapata chakula tele, na bia itatoka na kilevi zaidi lakini nyepesi mdomoni. Akianzia nyuzi 70, vitabaki vipande virefu ambavyo hamira haiwezi kuvila, na bia itakuwa nzito, yenye kilevi kidogo. Kimea ni kile kile na maji ni yale yale. Ili kujua kama wanga umekwisha, hudondosha tone la mchanganyiko kwenye kigae cheupe na kulitia iodini. Likigeuka buluu iliyokoza, wanga bado upo.

Mpishi aliyefunzwa na mzazi wake anaweza kufikia bia nzuri kila mara bila kujua lolote kati ya haya, mradi nafaka isibadilike.

Nchini Nigeria nafaka ilibadilika. Mwaka 1988 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kimea cha shayiri, na viwanda vikalazimika kugeukia mtama na mahindi. Ugumu wenyewe ni wa kikemia. Wanga wa shayiri hulainika na kufunguka katika joto ambalo vimeng'enya vyake bado viko hai. Wanga wa mtama huhitaji joto kubwa zaidi, mara nyingi kupita nyuzi 70, na kufikia hapo beta-amilasi, ambayo kwenye kimea cha mtama ni haba tangu mwanzo, imekwisha kuharibika. Anayefuata mazoea ya shayiri ataambulia uji. Njia iliyotumika ni kuupika mtama peke yake hadi wanga ufunguke, kuupoza, kisha kuutia vimeng'enya vilivyotengenezwa kiwandani. Uganda nayo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilipata bia ya Eagle iliyopikwa kwa mtama wa Epuripur, mbegu iliyotoka kituo cha utafiti cha Serere.

Elimu hii haikutiririka upande mmoja: kiwanda cha bia nacho kiliifundisha sayansi. Adrian Brown alikuwa mkemia wa kiwanda cha bia huko Burton, Uingereza, kabla ya kuwa profesa wa kimea na bia mjini Birmingham. Mwaka 1902 alieleza kuwa kimeng'enya cha hamira hushikamana na sukari kwa muda kabla ya kuivunja. Ndiyo maana kuongeza sukari kupita kiasi hakuongezi kasi. Mwaka 1913 wanasayansi Michaelis na Menten waliliendeleza wazo hilo kwa mlinganyo ambao leo kila mwanafunzi wa biokemia huusoma.

Kwa hiyo mbege, pombe ya kienyeji ya Kilimanjaro, inastahili nafasi darasani kwa haki kamili, si kama kionjo cha utamaduni. Wanaoipika huchanganya ndizi zilizopikwa na kuchachushwa pamoja na kimea cha ulezi, kisha hutia gome la msesewe ili liipe uchungu. Mna vimeng'enya humo, mna hamira, mna bakteria. Vyuo vya Afrika Mashariki vinavyofundisha sayansi ya chakula vingeweza kuanza na maswali yale yale ya Weihenstephan: wanga wa ulezi hufunguka kwa joto gani, ndizi huleta sukari kiasi gani, na ni kiumbe kipi hasa kinachoichachisha mbege baada ya siku chache?