Mira Nair: Mwalimu Okelo na Nyumba Iitwayo Maisha

Mtu akitembea kutoka soko la Nakasero hadi Ukumbi wa Taifa wa Maigizo, uliofunguliwa mwaka 1959, hupita mitaa ambayo maduka yake mengi yalikuwa ya Wahindi hadi mwaka 1972. Mwaka huo Idi Amin aliwapa siku 90 wawe wameondoka nchini. Kisa hicho ndicho kilichomleta Kampala, mwaka 1989, mtayarishaji na mwongozaji wa filamu tunayemhakiki katika toleo hili, Mira Nair.

Nair alizaliwa Rourkela, India, mwaka 1957. Filamu yake ndefu ya kwanza ya kubuni, Salaam Bombay! (1988), aliiongoza na kuitayarisha mwenyewe, akiwatumia watoto wa mitaani kama waigizaji. Filamu hiyo ilitunukiwa Kamera ya Dhahabu huko Cannes. Aidha, kutokana nayo ulizaliwa mfuko wa Salaam Baalak wa kuwasaidia watoto wa aina hiyo. Tangu mwanzo, basi, kazi zake zimekuwa na tabia ya kuacha kitu nyuma hata baada ya kamera kuzimwa.

Mississippi Masala (1991) ndiyo filamu iliyomfunga na Uganda. Jay, wakili Mhindi aliyezaliwa Kampala, anafukuzwa pamoja na mkewe na binti yao, Mina. Miaka mingi baadaye, huko Mississippi, Mina anampenda kijana Mmarekani mweusi, na ubaguzi uliofichwa ndani ya nyumba yao unajitokeza hadharani. Kwa upande wa maudhui, filamu hii ina ujasiri: inamwonyesha aliyeonewa kuwa naye anaweza kumbagua mwenzake.

Hata hivyo, tunamtazama Okelo kwa masikitiko. Yeye ni mwalimu, rafiki wa Jay tangu utotoni, na ndiye anayemtoa Jay kizuizini. Jay anaondoka bila kumuaga. Anaporudi Kampala mwishoni, anaarifiwa kwamba Okelo aliuawa. Kifo hicho hatukioni; tunasimuliwa tu. Mwafrika aliyelipa gharama kubwa kuliko wote anabaki mhusika msaidizi katika huzuni ya rafiki yake. Hiyo ndiyo kasoro kubwa ya filamu hii, japo mtu anaweza kuitetea kwa kusema kwamba kila msanii husimulia alichokijua.

Kwa maoni yetu, jibu zuri zaidi la kasoro hiyo ni chuo, wala si filamu nyingine. Mwaka 2004 Nair alianzisha Maisha Film Lab jijini Kampala, ambapo vijana wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda wamefunzwa kuandika miswada na kutengeneza filamu fupi. Msimamo wake ni kwamba tusiposimulia hadithi zetu, hakuna atakayetusimulia. Tuangalie pia jina. Nchini Uganda, Kiswahili kilibeba kwa muda mrefu kumbukumbu ya askari na bunduki. Kuita nyumba ya hadithi kwa neno la Kiswahili, tena neno "maisha", ni kuirudishia lugha hiyo heshima yake. Hatudai kwamba hilo ndilo alilokusudia. Tunasema ndivyo neno linavyofanya kazi.

Mwaka 2016 Nair aliongoza Queen of Katwe, kuhusu Phiona Mutesi, msichana mcheza sataranji wa Katwe. Humo Waganda si wasaidizi tena. Lupita Nyong'o, katika nafasi ya mama, anabeba uzito wa hadithi. Ni hatua kubwa tangu Okelo. Lakini mswada uliandikwa na Mmarekani, William Wheeler, na mazungumzo yake kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza. Kalamu bado haijafika Katwe.

Hapo ndipo sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili tunapohusika. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Tunafundisha msuko, wahusika na dhamira, lakini ni mara ngapi tunampa mwanafunzi kazi ya kuandika mazungumzo ya filamu? Mira Nair amefungua mlango, akauita kwa lugha yetu. Hadithi ya mwalimu Okelo, kwa macho ya Okelo mwenyewe, bado inasubiri mwandishi. Tungependa atoke darasani kwetu.