Dagaa wa Wapi? Uhakiki wa Istilahi za Uainishaji wa Taarifa

Katika miaka hii imezuka nchini kazi yenye jina refu. Vijana waliohitimu ukutubi, utunzaji wa nyaraka au taaluma ya kompyuta hujiita washauri wa metadata na taksonomia. Huitwa na mabenki, wizara na miradi ya utafiti ili wazipange taarifa zilizorundikana, wazipe majina na kuziweka katika makundi yanayoweza kutafutwa. Hatuna ugomvi na kazi hiyo, kwa kuwa ni kazi ya haja. Tunachohakiki hapa ni istilahi zake mbili kuu, yaani metadata na taksonomia, jinsi zitumiwavyo katika Kiswahili cha ofisini. Tumechagua kuzipimia katika wilaya za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma, kwani huko mlima na ziwa vinampa mtihani mgumu kila anayedai kuainisha.

Yafaa ikumbukwe kwamba kazi yenyewe si ngeni. Karani wa masjala amekuwa akiandika juu ya jalada namba yake, kichwa chake, tarehe ya kufunguliwa na namba ya jalada lililotangulia. Mambo hayo si barua iliyomo ndani. Ni maelezo yamwezeshayo mtu mwingine kuifikia barua hiyo baada ya miaka 30, karani akiwa amekwisha kustaafu. Vivyo hivyo mkutubi na kadi zake. Katika rafu zilizopangwa kwa mfumo wa Dewey, atafutaye historia ya Tanzania huenda 967.8, na atafutaye lugha ya Kiswahili huenda 496.392. Lugha yetu, basi, ilikuwa na msamiati wa fani hii kabla ya kompyuta kufika: masjala, jalada, faharasa, katalogi, leja. Ajabu ni kwamba mshauri mpya aingiapo ofisini humfundisha karani, kwa istilahi asizozijua, mambo ambayo amekuwa akiyatenda miaka yote. Karani anayeambiwa kuwa hajui metadata hukubali kwamba hajui, na ujuzi wake hubaki nje ya mfumo mpya.

Tuanze na metadata. Tafsiri iliyozoeleka ni “data kuhusu data”. Hiyo si istilahi bali ni fasili iliyovishwa joho la istilahi, na tena ni fasili hafifu, maana haisemi data hiyo ya pili inafanya kazi gani. Tutazame sensa. Mwaka 2002 Wilaya ya Mbinga ilihesabiwa kuwa na watu 404,799. Mwaka 2012 ikahesabiwa kuwa na watu 353,683. Msomaji aliyepewa namba hizo mbili tu atajiuliza ni baa gani lililowakumba Wamatengo. Hapakuwa na baa. Katikati ya sensa hizo ufuko wa ziwa, pamoja na Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, ulitengwa ukawa Wilaya ya Nyasa, nayo ilihesabiwa mwaka 2012 kuwa na watu 146,160. Ukijumlisha wilaya zote mbili utapata watu 499,843, yaani waliongezeka. Neno Mbinga halikubadilika hata herufi moja, lakini nchi inayoitwa kwa neno hilo ilibadilika.

Ndiyo maana vipengele 15 vya Dublin Core, vilivyoanzia katika mkutano wa mwaka 1995 mjini Dublin, Ohio, Marekani, vina kipengele kimoja kinachobeba mahali na wakati kwa pamoja. Jalada la mwaka 1998 lenye kichwa “Uvuvi Mbinga” halina kosa, kwani wakati huo Mbinga ilikuwa na ufuko. Jalada la leo lenye kichwa hicho hicho linatia mashaka. Pengine ni la mabwawa ya samaki. Maelezo yanayoondoa mashaka hayo ndiyo yanayohitaji jina, nasi tunaona kuwa “maelezo tambulishi” yatamfaa karani kuliko “data kuhusu data”. Wataalamu wa kompyuta waendelee na metadata yao wanapozungumza wao kwa wao.

Suala la taksonomia ni zito zaidi, na hapa hatuna budi kushuka ziwani. Samaki mdogo anayevuliwa usiku kwa taa katika Ziwa Nyasa, kisha akaanikwa na kupandishwa Mbinga na Songea, huitwa usipa. Kwa wanasayansi ni Engraulicypris sardella, ambaye asili yake ni ziwa hilo na maji yaliyoungana nalo. Katika taarifa nyingi za ofisini ameandikwa dagaa, basi. Ziwa Viktoria nalo lina dagaa, lakini huyo ni Rastrineobola argentea, anayeitwa omena na Wajaluo wa Kenya na mukene huko Uganda. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni samaki wawili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, nao ni jamaa wa saradini, mbali kabisa na wale wa Viktoria na Nyasa. (Hata wanasayansi huhamisha watu wao: usipa na dagaa wa Viktoria walikaa miaka mingi katika jamii ya Cyprinidae, na siku hizi wengi huwatia katika Danionidae.) Pwani nako dagaa ni jina la vidagaa vya baharini vya aina kadha wa kadha.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo la kwanza. Limnothrissa huyo huyo alihamishiwa Ziwa Kivu mwaka 1959, akaitwa sambaza. Akapelekwa katika bwawa la Kariba mwaka 1967 na 1968, akaitwa kapenta. Jina moja limefunika samaki wengi, na samaki mmoja ametawanywa katika majina mengi. Mfumo wa taarifa unaopanga kwa jina tupu utawachanganya wa kwanza na kumpoteza wa pili.

Je, hili ni jambo la wanasarufi tu? La hasha. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa uvuvi walibishana juu ya pendekezo la kuhamishia samaki wa jamaa ya saradini kutoka Tanganyika hadi Ziwa Nyasa, kama walivyofanya Kivu na Kariba. Waliopinga waliogopea usipa na samaki wengine wa asili, na pendekezo halikutekelezwa. Sasa, ndugu msomaji, jaribu kuliandika pendekezo hilo kwa Kiswahili cha majedwali ya ofisini: kupeleka dagaa katika ziwa lenye dagaa. Hoja nzima imezama ndani ya neno moja, na mvuvi wa Liuli ambaye riziki yake ilikuwa ikijadiliwa asingeweza kujua kutokana na jedwali kwamba kuna jambo la kuuliza.

Mchuuzi wa sokoni hafanyi kosa hilo. Yeye husema dagaa wa Kigoma, dagaa wa Mwanza, dagaa wa Nyasa, kwa sababu bei ni mbalimbali na mnunuzi hadanganyiki jikoni. Ameweka aina na mahali katika maneno matatu. Taarifa inapopanda kutoka mezani pake kwenda ofisini, neno la tatu hudondoka njiani.

Mlimani nako kuna mfano wake. Wamatengo hulima miteremko mikali kwa ngolo: nyasi zilizofyekwa hulazwa kwa mistari inayokatana, udongo wa katikati huchimbwa na kufunika nyasi hizo, yakabaki mashimo yaliyozungukwa na matuta, na maharage au mahindi hupandwa juu ya matuta. Anayefasiri ngolo kuwa “kilimo cha mashimo” ataiweka kundi moja na mashimo ya Chololo ya Dodoma, ambamo mbegu hutiwa ndani ya shimo ili ipate maji katika nchi kame. Shimo la ngolo halipandwi kitu. Kazi yake ni kuzuia maji ya mvua yasiteremke na udongo. Kwa maoni yetu ngolo ibaki ngolo katika kila faharasa ya kilimo.

Turudi kwenye neno lenyewe. Wapo wanaotetea taksonomia kwa hoja kwamba fani hii ina viwango vya kimataifa, kama kile cha ISO 25964 kilichotolewa kwa sehemu mbili mwaka 2011 na 2013, na kwamba mtaalamu wetu lazima aelewane na wenzake wa nje. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatupendekezi neno hilo lifutwe. Wanabiolojia wamelizoea, wabaki nalo. Lakini taksonomia ni tasa katika Kiswahili, haizai kitenzi wala mtenda. Kutokana na aina tunapata kuainisha, uainishaji kwa tendo, mwainishaji kwa mtu, na uainisho kwa mpango uliokamilika. Mwenye kazi ile tuliyoitaja mwanzoni anaweza kuitwa mwainishaji wa taarifa, na karani wa masjala akaona kuwa wote wawili ni wa ukoo mmoja. Kwa lebo inayobandikwa tulifikiria kiainishi, ila wanaisimu wanalo tayari kwa maana yao, kwa hiyo twaona heri “kichwa”, kama kilivyo kichwa cha jalada.

Kwa usipa hatuna shaka: kiwe kichwa cha kujitegemea, na chini ya dagaa iandikwe “tazama pia usipa”, na pia sambaza na kapenta. Ziwa nalo liandikwe Nyasa, na Malawi na Niassa zirejeshwe hapo kwa “tazama”. Kwa mbuna, wale samaki wa rangi wa miambani, tunasita. Jina hilo limetoka kwa Watonga wa Malawi, likaenezwa duniani na biashara ya samaki wa mapambo. Kabla ya kulisanifu, majina yanayotumiwa upande wetu yakusanywe kijiji kwa kijiji kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, na jina la mahali liandikwe mbele ya kila neno.