Pongezi kwa Wasanifu wa Majalada ya Filamu

Zamani za VCD, kabla simu hazijageuka majumba ya sinema ya mfukoni, filamu iliyotoka Kariakoo, Dar es Salaam, ilifika Mbalizi, Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, ikiwa haina mnadi wala wakili ila jalada lake. Na ndiyo sababu nawastahi wasanifu wa majalada yale, ambao majina yao ni nadra kutajwa. Walijua kuwa mnunuzi hatafuti hadithi asiyoijua, bali uso aliozoea kuuamini, basi wakaukuza uso wa mwigizaji kama marehemu Steven Kanumba au wa Vincent Kigosi hata ukajaza karatasi, nyuma yake wakaweka jumba, gari na chozi la mwanamke, naye mnunuzi akafahamu, kabla ya kutoa senti, kwamba humo mna mahaba, mali na hiana. Wapo wanaoyashutumu majalada hayo kwa wingi wa rangi na kwa vichwa visivyowiana na viwiliwili. Shutuma ya pili naikubali. Ya kwanza siikubali asilani, maana jalada lilishindana na mamia ya mengine kwenye ukuta wa duka. Ama ile hila ya kuikata hadithi sehemu mbili zinazouzwa mbalimbali, japo diski moja ya VCD haichukui zaidi ya dakika 80 hivi, lawama yake ni ya mfanyabiashara.