Msafiri Aliyesimama Ukingoni: Fani ya Shairi la Mosella

Mosella ni shairi la Kilatini la mistari 483, na safari yake ya barabarani inaishia mstari wa 11. Msafiri amevuka mto Nahe wenye ukungu, anakata milima ya msitu, anaiona Neumagen kando ya mto Mosel, na hapo miguu inatulia. Mistari 472 iliyosalia haina tena njia ya kwenda popote. Atakayelisoma akitafuta masimulizi ya safari atadhani mshairi alianza kitu kimoja akamaliza kingine. Mimi nauona mgawanyo huo kuwa uti wa mgongo wa shairi zima. Ausonius, mtunzi wake, alijua kuwa raha ya bonde la mizabibu haipatikani kwa kulipita mbio. Inataka mtu asimame. Na kumsimamisha msomaji kwa mamia ya mistari bila kumchosha ni kazi ya fani kabla haijawa kazi ya maudhui.

Decimius Magnus Ausonius alizaliwa yapata mwaka 310 huko Bordeaux, kwenye mto Garonne, katika Ufaransa ya leo. Alifundisha sarufi na balagha mjini kwao kwa takriban miaka 30, hadi Kaizari Valentinian wa Kwanza alipomwita Trier amfundishe mwanawe Gratian. Alifuatana na kaizari katika vita dhidi ya Waalamani ng'ambo ya Rhine, na yapata mwaka 371 akatunga shairi hili. Mtunzi, basi, ni mwalimu wa miaka karibu 60, ametoka vitani, yuko mbali na kwao. Bahari aliyoichagua ni ile ya tenzi za kishujaa za Kilatini: mstari wa mapigo sita, usio na vina. Sisi katika mashairi ya Kiswahili huhesabu mizani. Kilatini hupima muda ambao kila silabi inashika pumzi. Mshairi Virgil alikuwa ameitumia bahari hiyo kusimulia vita na chanzo cha taifa la Rumi. Ausonius anaichukua ala hiyo nzito na kuielekeza kwenye maji, samaki na zabibu.

Tazama kwanza jinsi anavyoitumia njiani. Kitenzi cha kwanza kabisa kinasema jambo lilikuwa limekwisha kutendeka: mto ulikuwa umeshavukwa. Tunapoanza kusoma, taabu iko nyuma yetu. Hata hivyo mshairi haifuti. Anataja kuta mpya za Bingen, na papo hapo anakumbusha vita vya mwaka 70, waasi wa Galia waliposhindwa hapo na majeshi ya Rumi wakabaki wamelala mashambani bila wa kuwalilia. Kisha njia ya upweke katika msitu usio na alama ya jembe. Kisha Dumnissus, penye ardhi yenye kiu. Kisha Tabernae, penye chemchemi isiyokauka. Kisha mashamba ambayo Wasarmatia, walowezi walioletwa kutoka mbali, walikuwa wamepimiwa siku za karibuni. Majina yanafuatana kwa kasi, kila moja likipewa nafasi fupi, na karibu kila moja limebeba ukame, kifo au watu waliohamishwa. Huo ni mwendo wa mtu anayetaka kufika.

Akifika, hewa inabadilika na sentensi inarefuka. Msituni mbingu ilikuwa ya kutafutwa kati ya matawi yaliyofumana, sasa imefunguka. Utaratibu wa kutazama nao umepangwa. Jicho linaanza na anga na mwanga, linashukia nyumba zilizojengwa juu ya kingo, linapita vilima vya mizabibu, na mwisho linagusa maji yanayopita chini kwa sauti ndogo. Mandhari yote inamkumbusha Bordeaux. Mstari wa 23 anausalimu mto, na kuanzia hapo nafsineni anajipunguza: "mimi" wa barabarani anampisha "wewe" wa mto. Warumi waliomba miungu yao kwa namna hiyo, kwa kuita na kurundika sifa. Mosel unabeba merikebu kama bahari, unateremka kama mto, una kina kama ziwa, unatetema kama kijito, unanyweka kama chemchemi. Mto mmoja umekusanya kila aina ya maji. Sifa hizo zimetiwa chumvi, lakini zina kazi: aliyepata maji yote mahali pamoja hana tena sababu ya kwenda kwingine.

Jicho halikomi juu ya maji, linazama. Maji ni maangavu kiasi cha kuonyesha mchanga ulivyochorwa mifereji midogo na mkondo, majani yanayolala na kuinuka, kokoto zinazometa na kujificha. Ndipo inapoanza orodha ya samaki, aina 15 katika mistari zaidi ya 60. Msomaji wa leo anaweza kuishiwa subira hapa, nami namsihi apunguze mwendo, kwa sababu orodha hii ndiyo saa ya shairi. Hakuna anayeharakishwa. Kila samaki anapewa muda wake na tabia yake. Yuko mmoja mwenye ndevu, aliyepita kwenye milango sita kati ya nguzo za daraja la mto Saar kabla ya kuingia maji makubwa, na nyama yake huwa bora kadiri anavyozeeka. Mwalimu wa miaka 60 anamsifu kwa upole usiofichika. Yuko mwingine mla vyura, anayejificha kwenye matope na mafunjo, ambaye meza za wakubwa humkataa na hukaangwa katika vilabu vyenye moshi mzito. Bahari ya mashujaa inashuka hadi kwenye kikaango cha kilabu, na haipotezi hadhi. Anayefunga orodha ni kambare mkubwa wa mito ya Ulaya. Ndiye anayepewa nafasi kubwa kuliko wote, na mstari wenyewe unajikokota pamoja naye.

Sasa mshairi analiambia jicho lipande. Anaitambulisha mizabibu kama onyesho jingine, na vilima vinavyoukumbatia mto vinakuwa viti vya ukumbi uliojengwa na maumbile. Anayeifahamu sehemu ya Bremm, kando ya Mosel, ambako mteremko wa Calmont una mwinamo wa zaidi ya nyuzi 60, hatauona mfano huo kuwa wa kubuni. Ukumbi una sauti. Wakulima wako juu kwenye mizabibu, msafiri anapita njia ya chini, mwendesha chombo anateleza mtoni, na hawa wawili wanawapigia kelele za mzaha wakulima waliochelewa na kazi. Miamba inajibu, msitu unajibu, mto unajibu. Ngazi tatu za bonde zinaunganishwa na sauti kabla hazijaunganishwa na kitu kingine chochote.

Katika sehemu hizi zote za mizabibu hakuna anayekunywa. Hilo linanifikirisha, kwa kuwa Neumagen ulikuwa mji wa biashara ya mvinyo. Karne ya 19 yalichimbuliwa huko mawe ya makaburi ya Kirumi, na mojawapo, la karne ya 3, limechongwa kama chombo chenye wapiga makasia na mapipa. Leo liko katika jumba la makumbusho la Trier. Mawe hayo yalipatikana ndani ya misingi ya ngome ya Kaizari Konstantino, ngome ileile anayoitaja Ausonius katika mstari wa 11. Makaburi ya wafanyabiashara yalikuwa yamevunjwa yakawa misingi ya kuta za askari. Shairi halina pipa wala bei. Zabibu ziko kwenye mti, za kutazamwa na kunusiwa. Mshairi amewaondoa wenye biashara ili macho yapate nafasi.

Anayezigusa ni kiumbe wa mtoni. Saa ya adhuhuri, wanadamu wakiwa wameondoka, viumbe wa mashambani wenye miguu ya mbuzi wanateremka majini kuwasumbua mabinti wa mto, na mmoja wa mabinti hao, Panope, anapanda mlimani kuiba zabibu. Ukisoma haraka utadhani ni pambo la mapokeo. Lakini angalia mwelekeo: wa mlimani wanashuka, wa mtoni anapanda. Mshairi anatuzoeza kuuvuka mpaka wa nchi kavu na maji, kisha anakatiza kwa adabu akisema yasiyoshuhudiwa na yeyote yabaki siri.

Kisha, kati ya mstari wa 189 na 199, inakuja sehemu ambayo kwangu ndiyo moyo wa shairi. Nyota ya jioni imesogeza vivuli, na mlima wa kijani umemwagwa ndani ya mto. Vitenzi vinabadilishana wenyewe. Vilima ndivyo vinavyoogelea. Jani la mzabibu linatetema mahali ambapo halipo. Zabibu zinavimba ndani ya maji kama kwamba maji ndiyo udongo wao. Katikati ya mto, pale kivuli cha mlima kinapokutana na mkondo, mwendesha chombo anapita juu ya mtumbwi wake akiihesabu mizabibu ya majini, na mto unamdanganya. Kitenzi hicho cha kuhesabu nakiona cha ajabu kuliko vyote. Katika dola ya Rumi mwenye shamba alitakiwa kutaja idadi ya mizabibu yake katika sajili ya kodi. Kuhesabu mizabibu ilikuwa kazi ya karani. Hapa anahesabu mtu asiye na shamba, anahesabu mizabibu isiyotozwa chochote, na hesabu yake inavurugika kila kasia linapogusa maji. Kama shairi hili lina maana ya mapumziko, imo humu: kitendo cha kazi kimebaki, faida na deni vimetoka.

Na kila kilichotangulia kilikuwa kinaandaa mistari hiyo 11. Jicho lilishuka hadi mchangani, likapanda hadi kilele, na sasa chini na juu vimekuwa kitu kimoja. Idadi hiyo ni sawa na ya mistari ya njia ya mwanzo. Sidai kuwa mshairi alihesabu, lakini usawa huo unasaidia kupima: nafasi ileile iliyobeba nchi nzima ya msitu, vita na ukame, hapa imejazwa na kivuli kimoja majini. Anayeendesha gari leo kwa barabara ya kando ya mto, kutoka Trier kwenda Koblenz, hataona tena mchanga wa chini. Tangu mwaka 1964 Mosel umezuiwa kwa mabwawa na milango ya maji ili meli kubwa zipite, na mkondo umepungua kasi. Vivuli vya vilima bado vinaonekana jioni, pengine vimetulia kuliko alivyoviona Ausonius.

Baada ya kilele hicho shairi lingeweza kulala usingizi. Badala yake linatia mwiba. Kwanza inakuja tashbihi tamu, ya mtoto wa kike aliyepewa kioo na mlezi wake kwa mara ya kwanza, akadhani amemwona dada yake na kumbusu kwenye chuma. Mara baada yake wanakuja wavuvi. Samaki aliyevuliwa ametupwa juu ya mwamba, na mashavu yake yanafunguka na kufumba kama mivukuto ya mhunzi. Ni samaki walewale tuliotambulishwa mmoja mmoja kwa sifa zao. Mshairi aliyetufundisha kuwapenda anatufanya tuwatazame wakifa, kwa bahari ileile na utulivu uleule. Naliheshimu shairi zaidi kwa hilo, kwa sababu ukimya wake unajua umelipiwa na nani.

Sehemu ya majumba ya matajiri ni ndefu na baridi. Inataja wajenzi mashuhuri wa kale na kusahau kutazama. Mito midogo inayoingia Mosel inapata uhai zaidi, hasa Ruwer, ambako maji yanazungusha mawe ya kusagia na kuvuta misumeno inayopiga kelele ikikata marumaru. Wanahistoria wa ufundi huithamini sana sehemu hiyo kwa ushahidi wake juu ya nguvu za maji. Mimi naithamini kwa kelele yake. Ni sauti kali iliyoruhusiwa kuingia katika bonde tulivu, na haikufukuzwa.

Mwisho naukubali nusu. Mto unakutana na Rhine, na hapo wanaingia kaizari na mwanawe na ushindi wao ng'ambo ya Neckar hadi chanzo cha Danube. Wapo wanaolisoma shairi lote kama tangazo la serikali: tazameni mpaka ulivyo salama. Usomaji huo una haki yake, lakini umbo la shairi linaupinga. Maiti wasioliliwa wako mwanzoni, vita vya kaizari viko karibu na mwisho, na katikati yamekaa mamia ya mistari ambamo hakuna askari anayepita. Aliyetaka kusifu ulinzi asingewapa samaki mistari zaidi ya 60. Kisha mtunzi anajitaja jina na asili yake, kama watunzi wetu wa tenzi wafanyavyo kwenye beti za kufungia, na mstari wa mwisho unaukabidhi Mosel kwa Garonne. Jina la mto wa kwanza, Nahe, lilikuwa limewekwa mwishoni mwa mstari wa kwanza. Jina la mto wa kwao limewekwa mwishoni mwa mstari wa mwisho. Mwenyewe alikawia kuufuata mstari wake. Gratian aliuawa mwaka 383, na baada ya hapo ndipo mwalimu wake alipostaafu kwenda kuishi Bordeaux.