Kanisa la Wageni: Kuisoma Historia ya Azania Front Tukiwa Chang'ombe, Dodoma

Risala nyingi za jubilei katika sharika zetu za Kilutheri huanza kwa namna moja. Msomaji hutaja kwamba kazi ya Injili mahali hapo ilianzishwa na Wajerumani, hutaja mwaka, hutaja jina la mmisionari, kisha hushuka kwenye orodha ya wachungaji waliohudumu, idadi ya washarika, hali ya paa na ujenzi wa uzio. Mwisho mgeni rasmi huombwa aongoze harambee. Watu hupiga makofi na kwaya husimama kuimba.

Sentensi ile ya kwanza si uongo. Lakini ni sentensi inayofunga mlango wa historia kabla hatujaingia ndani. Ikishasemwa, hakuna anayeuliza: Wajerumani gani? Walikuja kufanya nini? Walikaa na nani? Na walipoondoka, nani alibaki ameshika Biblia? Makala hii inauliza maswali hayo kwa kutazama kanisa moja linalojulikana na Walutheri wengi wa nchi hii, yaani Azania Front, Dar es Salaam. Inayauliza kutoka Chang'ombe. Si ile ya Temeke, bali hii yetu ya Dodoma, kwa sababu nitakayoieleza baadaye.

Azania Front lilijengwa kati ya mwaka 1898 na 1902. Liko mkabala na bandari, lina kuta nyeupe, paa la vigae vyekundu na mnara unaoonekana tangu majini. Leo ni Kanisa Kuu la Dayosisi ya Mashariki na Pwani. Mwanzoni lilikuwa kanisa la Wajerumani waliokaa mjini: maofisa wa serikali ya kikoloni, wanajeshi, wafanyabiashara na familia zao. Ukilitazama kwa makini utaona kwamba waliolichora walikuwa na hamu ya nyumbani. Lingeweza kusimama katika mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani na asitokee mtu wa kulishangaa. Ni jengo zuri, na uzuri wake si wa kubezwa. Mtu aliye mbali na kwao hutafuta kitu cha kumkumbusha kwao, na hilo peke yake si dhambi.

Tatizo ni pale tunapoutazama ukuta ule na kudhani ndio mwanzo wa usharika. Injili ya Kilutheri ilikuwa imekwisha kufika mji ule zaidi ya miaka kumi kabla ya msingi kuchimbwa. Mwaka 1886 kiliundwa mjini Berlin chama cha misioni kwa ajili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambacho watu wengi walikiita Berlin ya Tatu. Kilizaliwa miongoni mwa watu waliokuwa karibu na Carl Peters, yule aliyezunguka na karatasi za mikataba akijipatia nchi za watu. Chama kile kilikuwa na nia mbili kwa wakati mmoja: kuwahudumia Wajerumani waliohamia koloni, na kuwahubiria Waafrika. Mwaka 1887 mmisionari Johann Jakob Greiner alifika Dar es Salaam. Mwaka uliofuata vita vya Abushiri vililipuka pwani, na kazi ikavurugika kabla haijashika mizizi.

Nia mbili katika chama kimoja ni kama mtu kuvaa viatu viwili visivyo jozi. Atatembea, lakini atachechemea. Baba Bodelschwingh wa Bethel alipokuja kukiongoza chama kile, moyo wa kazi ulielekea zaidi kwenye misioni, hasa huko Usambara. Mwaka 1903 kazi ya Dar es Salaam na Uzaramo, pamoja na vituo vya Kisarawe na Maneromango, ikakabidhiwa kwa Misioni ya Berlin. Kwa hiyo hata neno "Wajerumani" katika risala zetu limebeba watu wasiofanana: mkoloni na mmisionari, aliyekuja kutawala na aliyekuja kuhubiri, na wengine waliokuwa vyote viwili bila wao wenyewe kujua mpaka uko wapi. Mwandishi wa historia anayewatia wote katika mfuko mmoja hawatendei haki, ama anawasifu kupita kiasi au anawalaumu kupita kiasi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo risala hulipita haraka. Waafrika wa kwanza waliokusanyika kuzunguka misioni ile walikuwa akina nani? Wengi walikuwa watumwa waliokombolewa. Walikuwa watu walionyakuliwa bara, wakaburutwa hadi pwani, wakaokolewa njiani au baharini, wakakabidhiwa kwa misioni wakiwa hawana ukoo wala shamba. Mmoja wao alikuwa Martin Ganisya, aliyeonja utumwa kabla ya kuwa mwalimu na kiongozi wa Walutheri Waafrika wa Dar es Salaam.

Kwa hiyo ni kweli kabisa kwamba usharika wa Dar es Salaam ulianzishwa na wageni. Ila wageni wale walikuwa wa aina mbili. Kulikuwa na aliyekuja kwa meli akiwa na tiketi, na aliyekuja kwa miguu akiwa na mnyororo. Wa kwanza alijenga kanisa la mawe lenye kukumbusha kwao. Wa pili hakuwa na uwezo wa kujenga kitu cha kumkumbusha kwao, maana kwao kulikuwa kumefutwa. Alichokijenga ni ushirika wa watu wasio na undugu wa damu. Nauliza: kati ya hao wawili, nani mwanzilishi?

Vita Kuu ya Kwanza ililijibu swali hili kwa ukali. Mwezi wa Septemba 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Dar es Salaam. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa, wakawekwa kizuizini, hatimaye wakafukuzwa nchini, nao hawakuruhusiwa kurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920. Kama usharika ungekuwa wa Wajerumani kweli, ungekufa mwaka ule. Haukufa. Walimu na wazee Waafrika, Ganisya akiwa miongoni mwao, waliendelea kuwakusanya watu, kuwafundisha watoto na kuzika wafu. Mwaka 1939 vita vya pili vilipoanza, Wajerumani waliondolewa tena, na kanisa likasimama tena. Aliyetia jiwe la kwanza anastahili heshima yake. Lakini katika imani, kuanzisha ni jambo moja na kusimamisha ni jambo jingine, na risala zetu zina mazoea ya kuhesabu la kwanza tu.

Ili tuone kwamba mambo yangeweza kwenda vingine, tutazame kusini. Katika mji wa Windhoek, Namibia, kuna kanisa jingine la Kilutheri lililojengwa na Wajerumani, Christuskirche. Lilizinduliwa mwaka 1910. Ndani yake kuna mabamba yenye majina ya Wajerumani waliokufa katika vita vya miaka ile dhidi ya Waherero na Wanama. Maelfu kwa maelfu ya Waherero na Wanama walioangamizwa hawana bamba pale. Sharika za Wajerumani katika nchi ile ziliendelea kuwa kanisa la peke yao, lenye uongozi wake, mbali na ndugu zao Walutheri weusi.

Hapo ndipo historia inapogeuka kwa namna ya ajabu. Mwaka 1977 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam, katika mji uleule ambao maofisa wa Kaisari walijijengea kanisa. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa rais wa shirikisho, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mkutano ule ulitamka kwamba kuwatenga Wakristo kwa rangi si suala la siasa tu, bali linagusa ungamo lenyewe la imani. Mwaka 1984, mjini Budapest, makanisa mawili ya Walutheri weupe wa kusini mwa Afrika yenye asili ya Kijerumani yalisimamishwa uanachama kwa kutojitenga na ubaguzi ule.

Ukiweka Azania Front na Christuskirche mbele yako, unaona majengo mawili ya nyakati karibu sawa, ya taifa lilelile, ya ungamo lilelile, yaliyojengwa kwa hamu ileile ya nyumbani. Tofauti yao haikuwa katika mawe. Moja lilikuja kukaliwa na watu wa nchi, likaimba kwa Kiswahili, likawa nyumba yao. Jingine liliendelea kwa miaka mingi kuwa kumbukumbu ya watu waliokuja. Tukumbuke pia kwamba Azania Front halikufunguka kwa wema wa waliolijenga. Lilifunguka kwa sababu historia iliwaondoa, na kwa sababu kulikuwa na watu tayari wa kuingia. Neema ya Mungu ilipita katika mlango ambao wenyewe hawakuufungua.

Sasa niseme kwa nini nayaandika haya kutoka Chang'ombe. Dodoma si nchi iliyolimwa na misioni ya Kijerumani ya Kilutheri. Waanglikana wa CMS walikuwa Mpwapwa tangu miaka ya 1870, wakaenea Ugogo, Mvumi na Kongwa, na mpaka leo Mgogo Mkristo ukimuuliza, mara nyingi ni Mwanglikana. Walutheri wa Leipzig waliingia upande wa Iramba muda mfupi kabla ya vita vya 1914. Mji wa Dodoma wenyewe ulipata nguvu reli ya kati ilipoufikia mwaka 1910. Mwaka 1973 ukaamuliwa kuwa makao makuu, na tangu mwaka 2016, serikali ilipoanza kuhamia kwa dhati, watu wamemiminika kutoka kila mkoa.

Maana yake ni kwamba Walutheri wengi wa mji huu ni wahamiaji. Wametoka Kilimanjaro, Arusha, Singida, Iringa, Njombe, Bukoba. Wamekuja na barua za uhamisho, na vyeti vya ajira, na mitaji ya biashara. Wamekuja pia na kumbukumbu za kanisa la nyumbani. Hata Chang'ombe, mtaa uliojaa watu kabla ya ramani za mipango miji kuukuta, una hali hiyo: nyumba moja ina wapangaji wa makabila matano, na mwenye nyumba huenda ni Mgogo asiyewahi kuingia katika ibada yao.

Ndiyo kusema kwamba katika Dodoma, Wajerumani ni sisi. Sisi ndio wageni tulioteremka na sanduku la imani. Tunapojenga, tunajenga kwa mfano wa kanisa tulilobatizwa. Tunapounda vikundi vya kusaidiana, mara nyingi tunaanza na watu wa kwetu. Tunapopanga mavuno, tunauliza watu wa mkoa gani wameleta nini. Tuna hamu ya nyumbani, kama walivyokuwa nayo wale wa 1898.

Najua litakalojibiwa: sisi hatumfungii mtu mlango, ibada zetu ni za Kiswahili, na Kiswahili ni cha wote. Hoja hiyo ina uzito. Kiswahili kimetufanyia kazi ambayo Kijerumani kisingeweza kuifanya. Lakini lugha ya wote haitoshi ikiwa moyo wa ibada ni wa wachache. Tuchukue nyimbo. Kitabu chetu cha Mwimbieni Bwana kimejaa lahani za Ujerumani, na tunazipenda kwa haki. Mchungaji Bernard Kyamanywa aliandika "Mfurahini, Haleluya" miaka ya 1960 kwa lahani ya Kiafrika, na leo wimbo huo wa Pasaka unaimbwa na Walutheri duniani kote. Wagogo ni watu ambao muziki wao umejulikana mbali: zeze, ilimba, ngoma ya muheme inayopigwa na akina mama, sauti zinazopandana kama watu wanaojibizana kisimani. Je, ni mara ngapi muziki huo umesikika katika ibada zetu za mjini, mbali na siku ya kumpokea mgeni rasmi kwenye lango?

Sisemi haya ili tuone aibu kuwa wageni. Maandiko yamejaa wageni. Ibrahimu alikuwa mgeni, na Yeremia aliwaandikia waliohamishwa Babeli wajenge, wapande na kuutakia amani mji walioko. Ugeni ni shule nzuri ya imani, mradi mgeni akumbuke kwamba kuna mwenyeji.

Kwa hiyo, kwa wale watakaopewa kazi ya kuandika historia ya usharika wao hapa mjini, napendekeza mambo machache. Pamoja na jina la mchungaji wa kwanza, andikeni jina la familia iliyotoa au kuuza kiwanja. Andikeni nani aliwaonyesha waanzilishi maji yalipo, nyumba ya nani ilitumika kwa sala kabla ya kanisa, na kama mwenye nyumba ile alikuwa Mwislamu au Mwanglikana, liandikwe hilo pia. Andikeni majina ya mafundi na ya akina mama waliobeba mchanga. Ulizeni ni Wagogo wangapi wamo katika baraza la wazee, na jibu lake, liwe zuri au baya, liingie katika risala.

Risala ya namna hiyo itakuwa ndefu kidogo, na huenda mgeni rasmi atatazama saa. Lakini siku wajukuu wetu watakapoisoma, watajua kama sisi tulijenga Azania Front au tulijenga Christuskirche. Na tofauti na wale wa 1898, sisi tunaweza kuufungua mlango wenyewe, mapema, bila kusubiri historia ije kutuondoa.