E03 haisemi kitu: juu ya ekrani za kasha ya umeme

Najua kuna mwenye atauliza: agronome anatafuta nini mu mambo ya umeme? Anatafuta mayi. Huku kwetu Likasi, pompi ya kumwagilia mboga inatembea na umeme, mulini ya mahindi inatembea na umeme. Mashini ikisimama, mtu wa kwanza kufika mbele ya kasha si enjenyeri. Ni mlinzi wa pompi ao kijana wa mulini. Ekrani ya pale inapashwa kuongea na yeye, na leo nataka kuihukumu kwa macho yake.

Nasema juu ya ile ekrani ndogo ya rele yenye kulinda motere. Rele yenyewe inafanya kazi nzuri, hapo sina neno. Motere ya fazi tatu ikipoteza moja, inaendelea kuvuta nguvu kwa zile mbili zinazobaki, inapata joto, na kama hakuna wa kuikata, waya zake za ndani zinaungua. Rele inaona ile hatari, inakata. Kisha inaandika: E03.

E03 ni kusema nini? Jibu liko mu kitabu cha Kiingereza, na kitabu kiko mu kabati ya bosi.

Mu ferme moja nilipofanya kazi, njia ya Kambove, niliona vile mambo hayo yanaishia. Mlinzi anabonyeza kifungo, pompi inaanza, inakata. Anabonyeza tena. Mwishowe mtu anamuonyesha namna ya kuruka rele kwa kipande cha waya. Kesho yake motere inanuka moshi, na tomati iko mu maua, mwezi wa tisa, jua kali. Wote wakasema: huyu hakusoma. Mimi nasema ekrani njo haikusema. Ingeandika "FAZI MOJA HAKUNA. USIWASHE. ITA FUNDI", nani angeruka rele?

Sisi ba-agronome tunaijua shida hii. Juu ya dawa za wadudu, FAO inashauri mstari wa rangi: nyekundu kwa sumu kali sana, kisha manjano, buluu, na kijani kwa yenye hatari ndogo. Na picha ndogo: glavu, sura iliyofunikwa, kunawa mikono. Ni kwa sababu mwenye kubeba pompi ku mgongo si mkemia.

Sasa tuangalie rangi za umeme. Ku makasha mengi ya pompi, taa ya kijani maana yake motere inatembea, basi umeme uko. Lakini mu mitandao mingi ya umeme mkubwa ni kinyume: nyekundu, umeme unapita, kijani, disjonkta imeukata. Kijana aliyejifunza ku pompi akiingia mu kabine, ile kijani itamwambia kitu ingine kabisa.

Neno nalo ni mbaya zaidi. Kwa Kifaransa cha mafundi, disjonkta "iliyofungwa" ni yenye kupitisha umeme. Lakini kwa Kiswahili chetu, ukifunga robine, mayi inasimama. Mtu akitafsiri ekrani neno kwa neno, ataandika IMEFUNGWA, na msomaji ataelewa: hakuna umeme, naweza kugusa. Tafsiri ya namna hiyo inaua. Tuandike UMEME UNAPITA ao UMEME UMEKATWA. Na hata pale, fundi anapima kwanza mbele ya kugusa.

Tena ekrani inapashwa kusema kile kilichotendeka, si kile kilichoamriwa. Mu 1979, ku Three Mile Island, Marekani, taa ilizimika na wenye kulinda mashini wakaamini valvu imefungika. Kumbe taa ilionyesha tu kwamba amri imetolewa. Valvu ilibaki wazi, mayi ikaendelea kutoka, na sehemu ya kiini cha reakta ikayeyuka. Wale walikuwa watu waliosoma. Kwa hiyo tusikimbilie kusema shida ni masomo ya mlinzi wetu.

Najua jibu: "Dawa ni formasyo." Formasyo inafaa. Lakini aliyefundishwa anahama, anagonjwa, analala. Saa nane ya usiku, ekrani njo inabaki pale.

Na Likasi hatukuanza umeme jana. Mwadingusha, ku Lufira, inatoa umeme tangu 1930, na mu 2021 mashini zake zote 6 zilirudi kutembea, megawati 78. Mu vyumba vya zamani kulikuwa saa za mshale: ungeona mshale unashuka polepole, ungejua tabu inakuja mbele haijafika. Ekrani ya E03 inaongea paka nyuma ya msiba. Teknolojia ni mpya, lakini mlinzi anajua kidogo kuliko zamani.

Baenjenyeri wa association, sikiombi mutengeneze rele ingine. Zingine ziko na Kifaransa ndani, mtu aichague tu. Na kando ya taa ndogo, kuna kipande cha karatasi ambacho mnunuzi anaandika mwenyewe. Ku makasha mengi kinabaki cheupe. Mukiweka kasha, muchukue bic, muite mlinzi, mumuulize: "Hii taa ikiwaka, tuiite namna gani?" Kisha muandike jibu lake.